Mwenyekiti Alifoka au Alikaripia?

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa katika wilaya ya Chamwino. Kwenye kikao chetu cha mwezi uliopita mwenyekiti alizungumza na mweka hazina kwa hasira kuhusu marejesho ya mkopo ambayo hayakuonekana daftarini. Nikaandika katika muhtasari: 'Mwenyekiti alimfokea mweka hazina.' Nilipompelekea mzee muhtasari ili autie saini, alikataa. Anasema nimemtukana, kwa kuwa kufoka ni neno la kihuni, na ananitaka niandike 'alimkaripia'. Mwalimu mmoja mstaafu hapa kijijini anasema kufoka ni kwa uji, si kwa watu. Mwanangu wa kidato cha pili naye anasema kufoka ni kuimba. Mweka hazina, ambaye ni mama mtu mzima, amesema nikiweka 'alimkaripia' atajitoa kikundini. Je, neno hili maana yake hasa ni nini? Nimekosea? Na je, ni sahihi kusema 'alinifoka'?"

Marahaba, katibu. Nimeusoma ujumbe wako mara mbili, na nimeona kwamba ndani yake mna maswali mawili yaliyofungwa kwa kamba moja. La kwanza ni la kamusi: kufoka ni nini? La pili ni zito zaidi, nalo ni hili: neno likishaandikwa katika muhtasari na kutiwa saini, linamweka nani upande wa haki na nani upande wa kosa? Ukiyarudia maelezo yako utaona kwamba mzee mwenyekiti na mama mweka hazina hawagombanii kamusi hata kidogo. Wanagombania hilo la pili, na kwa maoni yangu mama huyo amelisikia neno "karipia" kwa sikio kali kuliko ninyi nyote.

Niseme mapema, ili usikae na wasiwasi: hukumtukana mwenyekiti. Kufoka ni neno sanifu. Limo katika Kamusi ya Kiswahili Sanifu, ambayo Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliitoa kwa mara ya kwanza mwaka 1981, na hadi leo walimu hulifundisha na magazeti huliandika bila kuliwekea alama za tahadhari. Hata hivyo sitakuambia kwamba ulichagua vyema. Uliandika jinsi sauti ya mzee ilivyokuwa, ukaacha kuandika alichosema, na hapo ndipo mgogoro ulipopata mlango wa kuingilia.

Nianze na mwalimu mstaafu, kwa kuwa yeye anayo nusu ya ukweli, na nusu aliyonayo ndiyo mzizi wa mambo. Kufoka, kwa maana yake ya vitu, ni kimiminika kutoka kwa nguvu, au kuchemka kikapanda na kumwagika. Maji hufoka kutoka kwenye bomba lililopasuka, na uji hufoka mfuniko ukiachwa juu ya sufuria na moto ukiwa mkali. Ninyi wa Chamwino hamhitaji maelezo marefu, maana yeyote aliyewahi kutia magadi katika chungu cha mlenda anajua jinsi povu linavyopanda ghafla, na jinsi mpishi anavyokimbilia kukoroga kabla halijauzima moto. Mwalimu anakosea pale tu anapodhani kwamba neno limeishia jikoni. Neno lilishatoka jikoni likaingia barazani, na limekaa humo muda mrefu kiasi kwamba Waswahili wengi wa leo wanaijua zaidi maana ya hasira kuliko ile ya uji.

Safari hiyo ya kutoka chunguni hadi kinywani haikuwa ya bahati nasibu. Kiswahili kinaichukulia hasira kama kitu cha majimaji kinachopashwa moto ndani ya mtu. Damu humchemka, kifua humfura, kisha mtu "huja juu" kama maziwa yaliyosahauliwa jikoni, na mwisho hufoka. Hata vijana wanaomwambia mwenzao mtandaoni "acha kutoa povu" wanairudia picha ile ile ya bibi zao, ingawa baadhi yao wamekulia kwenye jiko la gesi na hawajawahi kupuliza kuni.

Picha hiyo ndiyo inayolipa neno mipaka yake. Kinachofoka hakimiminwi na mtu, bali hujitokea chenyewe. Kwa hiyo tukisema fulani amefoka, tunadokeza kwamba kwa kitambo kile hasira ndiyo iliyokuwa ikisema, na yeye hakuwa ameishika hatamu. Kinachofoka pia huendelea, hakitoki tone moja tu, na ndiyo maana jibu fupi la ukali, lile la maneno mawili na jicho, hatuliiti kufoka bali kung'aka. Tena kinachofoka huonekana na kila aliye karibu: mtu aliyekasirika akanyamaza amenuna, hajafoka. Lakini angalia vizuri, katibu, kwamba kufoka kwa chungu hakutuambii kilichomo ndani yake. Mtu anaweza kufoka huku akitoa matusi, na anaweza kufoka huku akisema ukweli mtupu uliohesabiwa hadi senti ya mwisho. Kitenzi hiki hakihukumu hoja. Kinashuhudia hali tu.

Mwanao naye asikemewe, kwa sababu hakukosea. Rapu ilipoanza kushika vijana wa Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 1990, watu wengi waliuita muziki ule "muziki wa kufoka" au "wa kufokafoka", na jina hilo bado linasikika, ingawa Bongo Fleva imelifunika. Wapo waliodhani jina lilitolewa kwa dharau, kwamba vijana wanapiga kelele kama wagomvi, na huenda kwa baadhi ya wazee ndivyo lilivyotumika. Mimi naona lina haki yake hata bila dharau, kwa kuwa maneno ya rapu hutoka mfululizo na kwa kasi, yakisukumana kama maji ya bomba lililopasuka, na unyambuaji wa kurudia shina, kama katika kulialia na kutembeatembea, unaonyesha tendo linalojirudia. Hapo hakuna hasira ya lazima. Ila maana hiyo haihusiani na kikao chenu, isipokuwa kama mzee alizungumzia marejesho kwa mashairi.

Sasa "alinifoka". Hapana, si sahihi katika Kiswahili sanifu, na sababu yake inaeleweka kwa urahisi ukikumbuka uji. Foka ni kitenzi kisicho elekezi, maana yake kinajitosheleza bila yambwa, yaani bila mtu au kitu cha kutendewa: uji unafoka, basi, haumfoki mtu. Ili hasira ielekezwe kwa mtu ni lazima kitenzi kitiwe kiambishi cha kutendea, kiwe fokea. Kwa hiyo tunasema alinifokea, walimfokea, nilifokewa, wakafokeana. Kiambishi hicho kina kazi nyingine pia, ya kuonyesha sababu, kwa mfano mtu anapouliza "Unafokea nini?", yaani jambo gani linakufanya ufoke, na hilo ni tofauti na "Unamfokea nani?" Wewe uliandika "alimfokea", na kwa upande wa sarufi sentensi yako haina doa.

Nimebaki na karipia, na hapa nitakaa zaidi kwa sababu ndipo penye mgogoro wenu. Tazama kwanza umbo lake. Katika Kiswahili cha leo hatusemi "kukaripa" peke yake, kama tusivyosema "kukema". Karipia na kemea vinatujia tayari vikiwa na umbo linalodai mtu au jambo la kuelekezewa. Mtu anaweza kufoka peke yake chumbani kwa sababu amegonga kidole kwenye mguu wa meza, lakini hawezi kukaripia peke yake chumbani. Kukaripia kunahitaji anayekaripiwa, na kunahitaji jambo la tatu lisilotajwa, yaani kosa. Ninaposoma kwamba Juma alikaripiwa, hata kama sijui Juma ni nani, akili yangu inakwenda moja kwa moja kutafuta alikosea nini. Ninaposoma kwamba Juma alifokewa, ninajiuliza swali la kinyume chake: huyo aliyemfokea alikuwa na nini?

Kuna jambo la nne pia, nalo ni madaraka. Mzazi humkaripia mtoto, mwalimu humkaripia mwanafunzi, mkuu wa idara humkaripia mtumishi aliye chini yake. Jaribu kuligeuza uone. "Mtoto alimfokea mama yake" ni sentensi inayosikitisha, lakini inasemeka na kila mtu anaielewa. "Mtoto alimkaripia mama yake" inachekesha, au inatufanya tudhani kwamba mtoto huyo ni mtu mzima mwenye cheo na mama yake amezeeka akawa wa kulelewa. Kufoka hakuulizi cheo, kwa hiyo mkubwa humfokea mdogo, mdogo humfokea mkubwa, na majirani hufokeana juu ya mpaka. Karipio hushuka tu, halipandi.

Ndiyo maana karipio limepata nomino yake na likapata hata nafasi katika barua. Mtumishi huweza kupewa karipio la maandishi, likawekwa kwenye jalada lake, na aliyeliandika akawa amelitunga kwa utulivu, akinywa chai, bila kupandisha sauti hata kidogo. Sijawahi kuona barua ya "kufokewa kwa maandishi". Kukemea nako kuna hali hiyo hiyo ya kutotegemea sauti. Viongozi wa dini hukemea rushwa kwa maneno ya upole mimbarini, na katika Biblia Yesu anaukemea upepo. Kemea linabeba kukataza na kukomesha, na mara nyingi huelekezwa kwa tabia au nguvu fulani kuliko kwa mtu mmoja. Nyumbani, ambako hatupendi maneno ya kiofisi, tunasema kugombeza, na kwa wengi wa visiwani kugomba: mama amemgombeza mtoto kwa kuchezea maji. Kugombeza kuna ukali, lakini kuna ulezi ndani yake, na kumwambia mtu mzima kwamba amegombezwa kikaoni ni kumrudisha utotoni.

Sasa rudi kwa mama mweka hazina. Ukifuta "alimfokea" ukaweka "alimkaripia", utakuwa umeandika mambo ambayo kikao hakikuyaamua: kwamba alikuwa na kosa, na kwamba mwenyekiti alikuwa na mamlaka ya kumrudi kwa kosa hilo mbele ya wajumbe. Kwa maelezo yako, marejesho hayakuonekana daftarini. Kutoonekana daftarini si sawa na kuibwa, wala si sawa na uzembe wa mweka hazina, maana huenda mkopaji hakuleta, huenda alileta siku ambayo daftari halikuwepo, huenda ni wewe katibu uliyekosea kunakili. Neno moja la mzee lingeyafunga yote hayo kabla hayajachunguzwa. Mama anaogopa kwa haki.

Lakini nimtetee na mzee pia, maana naye hakukosea kwa kila kitu. Anahisi kwamba "alimfokea" linampunguzia heshima, na ni kweli linampunguzia kidogo. Halimtukani, ila linamwonyesha kama mtu aliyeshindwa kujizuia, na linanyamaza kabisa kuhusu sababu iliyompandisha hasira. Msomaji atakayeukuta muhtasari huu baada ya miaka mitatu atamwona mzee mkali anayempandia mama wa watu bila sababu. Kama kweli fedha za wanachama zilikuwa hazijulikani zilipo, basi ukali wake ulikuwa na chanzo, na chanzo hicho kilistahili kuandikwa. Alichokosea ni kutaka dawa ya neno lisilomfaa kuwa neno jingine lisilomfaa mwenzake.

Kuhusu uhuni, pengine mzee analichanganya neno hili na ndugu zake wa mbali ambao kweli wana dharau. Kubweka ni kwa mbwa, na mtu akiambiwa anabweka ametukanwa. Kupayuka, kuropoka na kubwabwaja vyote vinamaanisha kwamba maneno yaliyotoka hayakuwa na akili. Laiti ungeandika kwamba mwenyekiti alipayuka, ningekuambia uende ukamwombe radhi leo jioni. Kufoka hakumo katika kundi hilo, kwa sababu, kama nilivyosema, hakuhukumu hoja.

Wapo pia wanaodhani kwamba kufokewa na kutukanwa ni jambo moja mbele ya sheria. Mimi si mwanasheria, lakini hili la lugha ninaweza kukueleza. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, katika kifungu cha 89, inagusa matumizi ya lugha chafu, ya matusi au ya kudhalilisha kwa namna inayoelekea kusababisha uvunjifu wa amani. Kinachotazamwa hapo ni maneno yenyewe na namna yalivyotumika. Mtu akisema "alinifokea" hajaeleza bado kama alitukanwa, na atakayemsikiliza atamuuliza swali moja tu: alisemaje? Tangu mwaka 2021 Kiswahili kimewekwa na sheria kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki nchini, kwa hiyo karatasi kama yako, ikifika siku moja mbele ya chombo cha haki, inaweza kusomwa jinsi ilivyo, bila mfasiri wa kukulainishia neno. Ni sababu nyingine ya kuandika yaliyosemwa kuliko kuandika mlio wake.

Ufanye nini basi? Njia ya kwanza ni kuacha sentensi kama ilivyo. Ni ya kweli, ni sanifu, na unaweza kuitetea, ila itabaki ikiwasha kama upupu, na muhtasari usiotiwa saini hauna faida kwa kikundi. Njia ya pili ni kumtii mzee, nami sikushauri hata kidogo, kwa sababu nilizokwisha kuzitoa. Njia ya tatu ni kulifuta tukio lote, uandike tu kwamba suala la marejesho lilijadiliwa. Makatibu wengi hupenda njia hiyo kwa kuwa haina ugomvi, na mara nyingine inafaa, hasa pale ukali unapokuwa wa dakika moja na wahusika wakasameheana papo hapo. Kwenu haifai, maana hakuna aliyesamehe na fedha hazijapatikana.

Mimi ningeandika namna hii, ukiweka takwimu zenu mahali pa hizi zangu za mfano: "Mwenyekiti alimuuliza mweka hazina, kwa sauti ya juu na kwa ukali, kuhusu marejesho ya shilingi 180,000 ambayo hayakuonekana daftarini. Mweka hazina alijibu kwamba hakupokea fedha hizo. Alilalamika pia kwamba hakupendezwa na namna alivyoulizwa mbele ya wajumbe. Kikao kiliagiza daftari likaguliwe." Angalia kilichotokea katika sentensi hizo. Ukali haukufichwa, chanzo chake kimetajwa, mama amepewa jibu lake, na hakuna kitenzi kilichotoa hukumu. Kama mwenyekiti alitamka maneno ambayo wajumbe waliyalalamikia, yanukuu jinsi yalivyotamkwa, ndani ya alama za mnukuo, wala usitafute kitenzi cha kuyafunika. Nimehariri mihtasari mingi ya vikundi na mabaraza, na nimegundua kwamba watu wanaokataa kitenzi cha katibu ni wengi kuliko wanaokataa maneno yao wenyewe.

Usiyabadilishe hayo peke yako, wala nyumbani kwa mzee. Muhtasari husahihishwa na wajumbe wanapouthibitisha katika kikao kinachofuata, kabla hamjaingia kwenye yatokanayo. Soma sentensi ya zamani, soma mpya, waulize wajumbe kama ndivyo ilivyokuwa, kisha andika kwamba marekebisho yamekubaliwa. Ningekuomba umsomee mama na mzee, kila mmoja kwa wakati wake, kabla ya siku hiyo, kwa sababu mtu mzima hapendi kusikia habari zake kwa mara ya kwanza mbele ya watu thelathini. Mwanzie mama.

Yapo mambo ambayo barua yangu haiwezi kuyafikia. Kama ukaguzi wa daftari utaonyesha kwamba fedha kweli hazipo, jambo hilo limetoka mikononi mwa mtaalamu wa lugha, na mwende kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yenu mkiwa na daftari na mihtasari yote. Vikundi vya kijamii vya fedha vinatambuliwa na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 katika daraja la nne, na halmashauri ina wajibu wake kwenu. Kama mmoja wa wahusika anataka kushtaki kwa ajili ya maneno yaliyosemwa, amwone kwanza msaidizi wa kisheria, ambao wapo kwa mujibu wa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, kabla ya kutumia nauli kuja mjini. Na kama maneno ya siku ile yalikuwa na vitisho vya kumdhuru mama huyo, au kama anafokewa hivyo mara kwa mara hadi anaogopa kuja kikaoni, msingoje kikao kijacho. Apelekwe kituo cha polisi na mtu anayemwamini, aeleze kwa maneno yale yale aliyoambiwa.

Muhtasari wa kwanza usiuchane. Utie tarehe, uandike juu yake kwamba umesahihishwa, kisha uubane pamoja na ule mpya, ili atakayekuja kukagua aone vyote viwili na aone ni kikao gani kilichobadilisha neno.